Uso Nilioondoka Nao

Padova, 15 Januari 2023

Mdogo wangu Frosa,

Amani ya Bwana iwe nanyi hapo nyumbani. Mwili wangu mzima, lakini moyo sijui niusemee nini. Tangu ile simu ya Krismasi nafua shuka za Bibi Ersilia huku nakisikia kilio cha Mama masikioni. Nilikuwa nimesuka nywele, nimevaa lile shati la maua alilonishonea mwenyewe, nimewasha taa zote za jikoni ili anione vizuri. Kumbe ndipo nilipoharibu. "Nani huyu kizee ndani ya simu? Mwondoeni! Domnica wangu msichana, ana mashavu!" Ukaifunika simu kwa aproni, mimi nikabaki huku natazama giza la aproni yako.

Basi nimekubali ulivyosema. Tuache simu, tuandikiane kama miaka ile ya mwanzo, kwa kuwa barua za Domnica bado anazijua na anazilalia chini ya mto. Nitakuwa nampa Nelu, dereva wa basi la kuja huko kwetu, Jumapili anapopakia vifurushi vya watu. Karatasi ndogo iliyokunjwa ni ya Mama, nimeiandika kama zile za kwanza, kana kwamba nimeondoka juzi, msomee. Hii kubwa ni yako peke yako.

Frosa, nisikilize kabla hujanuna. Mama hajanisahau. Anamkumbuka sana yule aliyeondoka, aliyekuwa na miaka thelathini na mitano na mashavu. Huyu wa sasa ndiye hamjui, na atamjuaje? Hakumwona akizeeka. Juzi nilijitazama kwenye kioo cha lifti. Madoa ya jua, kwa sababu ya kuanika nguo juu ya paa kiangazi kwa kiangazi. Kando ya mdomo mifereji kama shamba letu la bondeni mwaka wa ukame. Nikasema, Domnica, hata wewe mwenyewe ungeogopa.

Nimekwenda kwa daktari wa ngozi, mwanamke, anaitwa Pavanello. Ana mashine ya leza. Mwanga wake unaunguza ngozi ya juu kwa vitobo vidogo vidogo, halafu mwili wenyewe unaota ngozi mpya. Nikamwonyesha picha yangu ya pasipoti ya kwanza, nikamwambia nataka hii. Akacheka kidogo, akasema, "Mama, mimi siyo mtakatifu, sifanyi miujiza. Lakini tunaweza kuisogelea." Nitakwenda wiki ijayo.

Mungu akipenda nitakuja Pasaka na uso nilioondoka nao. Nataka Mama anitambue, hata mara moja, kabla hajafumba macho. Hilo tu. Sitafuti mume wala sifa.

Usimwambie mtu, hasa mke wa padri.

Dada yako,
Domnica

*Mama mpenzi, ni mimi Domnica. Nimefika salama, bibi ninayemtunza si mkali, chakula ninapata. Usiende kisimani peke yako, kuna barafu. Nakuja Pasaka. Nakubusu mikono.*


Valea Mierlei, 25 Januari

Dada Domnica,

Barua imefika, pamoja na kahawa na soksi. Soksi zinambana Mama, nazivaa mimi. Kahawa nimeificha.

Umerogwa, au ni hewa ya huko? Unalipa watu wakuchome uso! Sisi hapa tunayemchoma ngozi ni nguruwe wa Krismasi, na yeye tunangoja afe kwanza.

Usifanye. Theluji imefika dirishani, kuni nabeba mimi, mbuzi nakamua mimi, Mama namvisha mimi. Ungekuja hata kesho na mikunjo yako yote, ungenishikia beseni nikimwogesha. Hapa uso hauna kazi, Dada. Mikono ndiyo ina kazi.

Usihangaike kwamba amekusahau. Jina lako halikauki mdomoni mwake. Asubuhi Domnica, mchana Domnica, jioni Domnica. Karatasi yako nilimsomea, akaibusu, akalala nayo.

Kama barua hii imekukuta hujakwenda huko kwa mchomaji, kaa nyumbani kwako.

Frosa


Padova, 5 Februari

Frosa wangu,

Barua yako imenikuta nimeshakwenda. Ile ya nguruwe ilinichekesha, na kucheka ndilo kosa kubwa kuliko yote kwa mtu mwenye uso kama wangu sasa. Nilishika taya kwa mikono miwili nikamwomba Mungu anitie huzuni haraka.

Nikusimulie, maana huku nimsimulie nani? Walinipaka dawa ya ganzi, nikakaa nayo mpaka uso ukawa si wangu. Wakaniwekea vikombe vya chuma juu ya macho, vidogo, baridi, kama vijiko. Giza. Mashine ikaanza kutatarika kama mafuta kikaangoni. Na harufu, Frosa! Ndiyo ile ile ya uani kwetu siku ya kuchinja. Nilishaifikiria hata kabla hujaniandikia. Nikawa nasali kimoyomoyo, Bwana Yesu Kristo unihurumie mimi mwenye dhambi, nikijua fika kwamba dhambi yenyewe ndiyo ile naifanya pale nimelala.

Ganzi ilikuwa inaisha kandokando, lakini hicho sicho kilichoniliza. Daktari alinishika kidevu, taratibu, akakigeuza upande wa pili, akasema, "Bado kidogo tu hapa." Machozi yakanitoka chini ya vile vyuma. Akazima mashine. "Inauma, mama?" Nikasema hapana. Ningemwelezaje? Tangu Mama aliponishika mashavu akiniaga, hakuna mtu aliyewahi kuugusa uso wangu. Kila siku mimi ndiye nawanawisha wengine. Na yeye mwenyewe alikuwa amevaa glavu.

Siku zilizofuata nilikuwa siwezi kutazamika. Macho yamebaki nyufa, uso unachuruzika maji ya manjano. Nalala nimeketi, mito mgongoni. Naukanda uso kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, kisha mafuta ya mgando, kisha tena. Bibi Ersilia alipoona mara ya kwanza akapiga kelele, "Wameniletea mwingine! Yule wa kwanza alikuwa mbaya lakini nilishamzoea." Alipogundua ni mimi akaniuliza kama walinipiga pasi wakasahau kuizima. Mwanawe nilimdanganya kwamba ni mvuke wa sufuria.

Nilikwenda kuungama. Padri Iustin akaniuliza, "Kwa ajili ya nani?" Nikasema kwa ajili ya Mama. Akasema angenipa adhabu ya kusujudu, lakini kwa hali ya paji langu, basi nisome zaburi.

Msomee Mama karatasi yake.

Domnica

*Mama mpenzi, huku mchana unaanza kurefuka. Nimekukumbuka nilipopika sima ya mahindi, nikaikata kwa uzi kama unavyokata wewe. Bibi hakuipenda. Ikabaki nyingi, nikaila yote mwenyewe. Domnica wako.*


Valea Mierlei, 15 Februari

Dada,

Mama ameanguka kwenye barafu karibu na kisima. Nilikuwa bandani. Hakuvunjika, daktari wa wilaya alikuja, lakini amelala tu na kifua kinakoroma. Lazima ageuzwe usiku na mchana. Mgongo wangu umekwisha.

Njoo. Sitaki maelezo ya uso. Njoo na uso wowote.

Frosa


Padova, 26 Februari

Mdogo wangu,

Leo kwetu Waorthodoksi ni Jumapili ya kuombana msamaha kabla ya Kwaresima. Kanisani kila mtu alimgeukia mwenzake, wakainamiana, wakabusiana, wakasema nisamehe, Mungu atakusamehe. Mimi nilisimama karibu na mishumaa na kofia yangu pana na kitambaa chini yake. Mwanamke wa pembeni alinigeukia, akaniona, akamgeukia mwingine. Wanadhani nina ugonjwa wa kuambukiza. Sikumlaumu. Nikaisogelea ikoni, ile picha takatifu ya Mama wa Mungu, nikamwomba yeye msamaha, kwa kuwa yeye hawezi kusogea.

Basi na wewe nisamehe. Siji sasa.

Usiichane barua, maliza kusoma. Ngozi imepukutika kama pumba. Iliyo chini yake imetoka laini, sikudanganyi, ile mifereji karibu yote imekwenda na madoa yamefutika. Lakini nyekundu! Nyekundu kama kiazi chekundu cha supu ya borshi. Daktari anasema wekundu utapungua kufikia majira ya maua, na nikilichezea jua kabla ya hapo nitapata madoa meusi kuliko ya mwanzo. Nikija leo, Mama hataona msichana wala kizee, ataona kidonda. Ataogopa tena, na safari hii niko mbele yake, hakuna aproni ya kunifunika. Nina nafasi moja, Frosa. Nikiichoma hii sina nyingine.

Mwombe Anica wa ng'ambo ya mto aje akusaidie kugeuza. Nami nafunga na kusali Mama asiondoke kabla ya Pasaka.

Domnica


Valea Mierlei, 19 Machi

Dada,

Mama ameinuka. Anatembea na fimbo mpaka dirishani na kurudi. Anica alikuja mara mbili, ya tatu akasema ana vifaranga.

Nimekusamehe kwa kuwa ni Kwaresima na sili nyama. Ningekuwa nakula nyama ningekutukana.

Kuna jambo juu ya Mama ningependa ulijue kabla hujaja. Nimeanza kuliandika mara kadhaa, karatasi zikaishia jikoni motoni. Sasa Nelu anapiga honi barabarani na mbuzi wanamjibu. Basi, utaona mwenyewe. Njoo tu.

Frosa


Padova, 23 Aprili

Frosa,

Kristo amefufuka.

Tuliagana vibaya. Ulibeba begi langu mpaka barabarani, tukasimama kama watu wawili wanaongoja mkate. Nilipofika huku, Bibi Ersilia akaniuliza, "Je, wamekuona mrembo?" Nikasema ndiyo, wamestaajabu. Nilikwenda kumkandia miguu.

Nataka kukuambia yaliyotokea asubuhi ile ya Pasaka, kwa sababu yalipoanza wewe hukuwapo. Usiku nilifika Mama amelala, ukaniwekea supu, ukanitazama chini ya taa ukasema tu, "Umekuwa kama yai lililomenywa." Ukaenda kwenye ibada na kikapu. Mimi sikulala. Kabla hapajakucha nikaandaa beseni kama Mama alivyokuwa akituandalia: maji mapya ya kisimani, tawi la mrehani, sarafu, na yai jekundu ndani yake. Nikavua kitambaa kichwani. Nikasuka nywele. Nikasimama kando ya dirisha ili mwanga unipate.

Akatoka chumbani na fimbo. Akanitazama muda mrefu. Akatabasamu! Nikasema moyoni, Bwana, asante, sasa unaweza kunichukua.

Akasema, "Karibu, bibi. Samahani, nyumba haijafagiwa. Umetoka mjini?"

Nikasema, "Mama, ni mimi."

"Najua, najua," akasema, kama mtu anavyomwambia karani wa serikali ambaye amemsahau jina. Akajifuta mikono kwenye gauni. Akanivutia kile kiti kizuri, cha padri. Nilipoupeleka mkono kwenye beseni nimpe yai anisugue nalo mashavu kama zamani, akanizuia. Kwa adabu, alinishika kiwiko tu. "Hapana, bibi, haya ni maji ya watu wa nyumbani. Wewe ngoja nikuletee safi." Akacheka, akanigusa shavu kwa kidole kimoja. "Tena uso kama wako hata hauna haja ya yai. Sisi ndio tumechakaa."

Akaniletea maji kwenye bakuli la wageni, na taulo lenye nakshi. Nikanawa. Ningefanya nini? Nilinawa na kulia humo humo kwenye bakuli, na yeye amesimama ananishikia taulo, akinisifia binti yake. Kwamba ana binti anaitwa Domnica, binti mwema, amekwenda kanisani na kikapu, anarudi sasa hivi.

Ukaingia na mshumaa. Akasema, "Huyu hapa Domnica wangu." Ukasema, "Naam, Mama." Ukainama, akakusugua lile yai kwenye mashavu yote mawili, kulia na kushoto, uwe mwekundu na mzima mwaka mzima. Nawe hukunitazama hata mara moja.

Sijui nikuulize nini. Naandika tu.

Domnica


Valea Mierlei, 7 Mei

Dada Domnica,

Kweli amefufuka.

Sikukutazama kwa sababu nilikuwa nimeshikwa kama mwizi.

Ilianza majira ya baridi ya mwaka juzi. Siku moja nampa maziwa akasema, "Asante, Domnica." Nikamwambia, mimi Frosa. Akaanza kulia. "Frosa yuko wapi? Mmempeleka wapi mtoto wangu?" Akatoka kunitafuta bandani bila viatu, na mimi namfuata nyuma nikisema niko hapa, niko hapa, Mama. Hakuniona. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu aliposema Domnica, nikaitika. Akanywa maziwa yake akalala. Basi nikaendelea kuitika.

Usidhani barua zako zilipotea bure. Nikimsomea analia kwamba Domnica yuko mbali. Akishafuta machozi ananigeukia, "Domnica, leta chai." Kichwani mwake mko wawili, Dada, mmoja Padova na mmoja jikoni. Mimi ndiye simo.

Ningekuambiaje? Wewe ulikuwa unajichoma uso ili akuite jina, na mimi hapa naitwa jina hilo kutwa na silitaki. Nilikuonea wivu na nikakuhurumia, vyote kwa pamoja, na hilo halina namna ya kuliandika huku Nelu anapiga honi.

Tangu mume wangu Ilarion afe, na huku watu tunaitana shemeji, jirani, mama fulani, hakuna anayelitamka jina langu. Nikuambie kitu utanicheka. Nilianza kukomunika mara nyingi kuliko desturi. Mke wa padri akanisifu mbele ya watu kwamba nimekuwa mtakatifu. Sikuwa mtakatifu. Ni kwamba padri akikuletea kile kijiko cha komunyo anasema, "Mtumishi wa Mungu Eufrosina." Nilikuwa nafunga, naamka gizani, natembea kwenye matope, ili nilisikie jina langu mara moja.

Mama anakuulizia. Yaani yule mgeni. Kila siku, hata jina la kijiji anasahau lakini hilo hasahau. "Yule bibi wa mjini atarudi lini? Nilimwonea huruma. Alilia kwenye maji yangu. Nadhani hana mama."

Mimi nilikwenda kukamua mbuzi.

Frosa


Padova, 21 Mei

Eufrosina, mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikaisoma tena nimeketi. Sikukucheka.

Nilikasirika kwanza, nikuambie kweli. Nilikasirika na wewe, na Mama, na Daktari Pavanello, na yule mtengeneza kioo cha lifti. Nikaenda kanisani kumlalamikia Mungu, nikakuta pamefungwa, nikamlalamikia nikiwa barazani. Halafu nikawa narudia maneno ya Mama, nadhani hana mama. Frosa, alimhurumia! Hamjui, hajui katoka wapi, na akamletea taulo la nakshi, akasimama naye mpaka amalize kulia. Mimi nilitaka anitambue. Nilipokosa hilo sikuona kwamba nimepewa kiti cha padri.

Uso huu si ule nilioondoka nao. Ule haupo. Huu ni uso wa bibi mmoja wa mjini ambaye Mama anampenda, na ndio nilio nao.

Basi nimeshasema na mwanawe Bibi Ersilia. Kuna mwanamke wa kanisani kwetu atashika nafasi yangu. Bibi mwenyewe nilipomuaga alinitazama akasema, "Nenda. Sasa ndipo ulikuwa umeanza kuvutia." Kisha akageukia ukutani, akakataa chakula cha jioni. Nilikaa naye mpaka akalala. Huyu naye ana mtoto mmoja anayekuja siku za sikukuu.

Mwambie Mama yule mgeni anarudi, na safari hii anaomba kukaa. Mwambie ni mwanamke wa dini, hana makuu, anajua kukanda unga, kukata sima kwa uzi na kugeuza mgonjwa bila kumuumiza. Akitaka kujua kama ana mama, mwambie atamjibu mwenyewe.

Utanipa chumba cha mbele. Kuni nitabeba mimi. Jumamosi tutamwogesha pamoja, wewe ushike mabega mimi nishike beseni, na kila atakaposinzia nitakuita jina lako, tena lote, mpaka ulichoke na uniombe ninyamaze. Kukomunika utaenda kwa ajili ya Kristo.

Na akikuita Domnica, akiwa jikoni, nami nipo pale pale dirishani namenya viazi, itika. Itika kama ulivyozoea, mdogo wangu. Mimi sitageuka.

Domnica